Ile Picha ya Gulioni

Jumamosi, 1 Machi

Maharage ya msimu wa pili yameota kuliko nilivyotegemea. Mvua imetutendea haki mwaka huu.

Daftari hili kanipa mume wangu Renatus, lilibaki shuleni kwake. Anafundisha darasa la tano hapa hapa Kumsagara. Anasema tangu nimalize kidato cha nne sijaandika kitu cha maana zaidi ya kumbukumbu za vikao vya kamati ya gulio, ambayo mimi ni katibu wake. Nimemwambia kumbukumbu za gulio ndiyo kitu cha maana. Amecheka. Haya, tuone nitaandika mpaka lini.

Jumatano, 5 Machi

Gulio. Asubuhi mvua, mchana jua. Esteri kamaliza sabuni zake kabla ya saa sita, akabaki kunicheka mimi na ndizi zangu.

Huyu Esteri Habonimana ni Mrundi, anatoka kambi ya wakimbizi iliyo jirani. Tangu tuwe majirani kwenye banda la kati hatujawahi kuongea Kiswahili. Yeye na Kirundi chake, mimi na Kiha changu, tunasengenya watu bila mkalimani.

Jumamosi, 8 Machi

Palizi. Mgongo.

Jumatano, 12 Machi

Nisipoandika leo nitachanganya mambo.

Ilikuwa saa nane hivi. Wingu lilikuja kutoka upande wa Mabamba, jeusi, na kabla hatujafunika bidhaa ikaanza mvua ya mawe. Watu wote wa gulio, wa kijijini na wa kambini, wakakimbilia banda letu la kati kwa sababu ndilo pekee lenye bati zima. Tulibanana mpaka huwezi kuinua mkono. Kisha upepo ukaingia chini ya bati na banda likalia, mlio kama wa mnyama. Mtu akapiga kelele kwamba linaanguka. Tukasukumana kutoka.

Mimi nilitoka. Esteri alirudi ndani kuchukua dumu lake la mawese. Nguzo ya katikati ikavunjika, na boriti ikamwangukia miguuni akiwa amelala chali kwenye tope.

Mwanangu Obedi alikuwa amesimamisha bodaboda yake kwenye mwembe wa barabarani. Nilimwona akija mbio. Aliokota mti mrefu uliotoka kwenye paa, akauchomeka chini ya boriti, akauinua kwa nguvu zake zote huku akiwapigia watu kelele wamvute Esteri. Mara ya kwanza mti uliteleza. Akauinua tena juu ili auchomeke upya. Mara ya pili boriti ikanyanyuka, nasi tukamvuta. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeuka upande usio wake. Hakulia. Alizimia tu.

Gari la shirika moja la kambini lilikuwa linapita. Wakambeba. Wengine walichubuka, watu wa pande zote mbili, lakini hakuna aliyekufa. Namshukuru Mungu. Obedi amerudi nyumbani na matope mpaka masikioni, amekula bada, ugali wetu wa muhogo, na dagaa, amelala.

Ijumaa, 14 Machi

Taarifa ya habari ya saa moja jioni, Redio Misozi, inayorusha kutoka Kasulu. Nilikuwa napepeta mchele. Nayaandika maneno kama nilivyoyasikia:

“Mkimbizi mmoja mwanamke amejeruhiwa vibaya baada ya wenyeji wa kijiji cha Kumsagara kuwavamia wakimbizi gulioni. Tukio hilo linaonesha namna chuki dhidi ya wakimbizi inavyozidi kukua katika vijiji vinavyoizunguka kambi.”

Nilidhani kuna Kumsagara nyingine. Kisha Obedi akaingia na simu yake mkononi. Redio imeweka picha kwenye ukurasa wake. Ni yeye. Amepigwa picha kwa nyuma na pembeni, ameinua ule mti juu ya kichwa, na mbele yake Esteri amelala kwenye tope. Boriti haionekani, imezibwa na mgongo wa mtu. Ukiitazama bila kujua, unaona kijana anamuua mwanamke.

Chini wameandika: Mwenyeji akimshambulia mkimbizi.

Obedi aliniuliza, “Mama, nifanye nini?” Ana miaka ishirini na tatu na aliniuliza kama alivyokuwa akiniuliza akiwa na sita. 

Jumamosi, 15 Machi

Mtendaji wa kijiji kabandika tangazo: gulio limefungwa mpaka hali itulie. Obedi aliitwa kituoni kuhojiwa. Wamemsikiliza, wameandika maelezo, wamemruhusu, lakini wamemwambia asisafiri mbali.

Jumanne, 18 Machi

Hapati abiria. Watumishi wa mashirika waliokuwa wanampigia simu kila asubuhi wamenyamaza. Kijiweni wenzake wamemwomba apumzike kidogo, wasije wakaonekana wote hupiga watu.

Alhamisi, 20 Machi

Redio Misozi wana kipindi cha wasikilizaji kila Alhamisi saa tatu asubuhi, mtangazaji anaitwa Aneth. Sauti nzuri, Kiswahili cha Moshi. Nilipiga mpaka nikaingia. 

Nikasema, “Naitwa Josepha, nipo Kumsagara. Ile habari ya gulio si kweli. Hakuna aliyempiga mtu.”

“Mama, picha tumeiona wote. Unataka kusema yule mama wa watu amejivunja mguu mwenyewe?”

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kueleza habari ya boriti, hasira ilinipanda. Nikasema, “Ninyi kila siku mnawapendelea wakimbizi. Sisi tukifa hamji, tukikosea mnakuja mbio.”

“Mama, naomba tusilete ubaguzi hewani. Asante kwa kupiga.” Akanikata.

Na aliyefuata kwenye simu alikuwa Ildefonsi, kaka yake Renatus. Nilimtambua kabla hajasema jina. “Huyo mama ni shemeji yangu na amesema kweli tupu,” akasema. “Hawa Warundi ni wezi, ni waongo, warudi kwao.” Akaendelea mpaka Aneth akamkata naye. Kisha Aneth akasema kwa sauti ya huzuni kwamba wasikilizaji sasa wamesikia wenyewe hali ya Kumsagara ilivyo.

Kwa hiyo nimeithibitisha habari yao kwa mdomo wangu, na shemeji yangu kaitia muhuri.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani nilikutana na watu wa aina mbili. Wa kwanza walinipa mkono kwa nguvu: “Umewaambia, Mama Obedi.” Walifurahi hata wale ambao wiki mbili zilizopita walikuwa wanakopeshana chumvi na watu wa kambini. Wa pili ni muuguzi wetu wa zahanati, mgeni wa hapa, mtu ninayemheshimu. Alinisalimia kwa mbali, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Sijui ni wepi kati ya hao walioniumiza zaidi. Nadhani wale wa kwanza.

Jumatano, 26 Machi

Leo ingekuwa gulio. Nilienda Kibondo mjini, nikaingia dukani kwa Bi Rabia. Ndiye anayeuza malighafi ya sabuni kwa Esteri na wenzake. Wazazi wake walitoka Pangani, ila yeye kazaliwa hapa hapa, nyuma ya duka. Alikuwa amefunga Ramadhani, midomo imekauka, lakini alinivutia kiti.

“Nilikusikia redioni,” akasema. Sikuweza kumtazama. “Mama Obedi, ulikuwa na neno moja la haki, ukaligubika kwa maneno kumi.”

Nikamwambia kwamba hata ningesema moja, wangeniita mbaguzi. Mtu wa kijijini akiitilia shaka habari inayomtetea mkimbizi, jibu linakuwa limeshaandaliwa.

“Ndiyo, limeandaliwa. Kwa hiyo usiwape pa kulipachika.” Akaanza kunifundisha kama mtoto wa madrasa. Nisiseme redio inampenda nani na inamchukia nani, kwa sababu mioyo yao siioni. Nisiseme “wakimbizi” wala “sisi”. Niulize tu: nani aliona? Mlimuuliza nani? Yule mwanamke anaitwa nani, na yeye anasemaje? “Swali la mtu anaitwa nani,” akasema, “hakuna anayeweza kuliita ubaguzi.”

Kisha akaongeza: “Na yule shemeji yako. Ukimwacha akae nyuma yako, wewe ndiye utakayeonekana una sura yake.”

Nikamwuliza kama ana habari za Esteri. Akasema hajarudi kambini. Yuko hapa mjini, hospitalini, wodi ya wanawake, mguu umefungwa plasta ngumu.

Wakati wote huu nilidhani yuko ndani ya kambi, mahali nisipoweza kuingia bila kibali. Kumbe alikuwa mwendo wa kutembea tu kutoka dukani. Lakini sikwenda leo. Niliogopa. Itakuwaje kama na yeye ameisikia redio, akaiamini? Alikuwa amezimia. Alichokiona cha mwisho kabla ya giza ni kelele na watu wanaosukumana.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bi Rabia katuma pilau kwa bodaboda mwingine. Obedi kala sahani mbili, mara ya kwanza tangu ile siku.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwona.

Alikuwa kitanda cha dirishani, mguu juu, anamfundisha mgonjwa wa jirani namna ya kuchuja mawese. Nilisimama mlangoni na chupa yangu ya uji. Akaniona. Nikasema, “Mwakeye,” salamu yetu. Akajibu, “Mwakeye, mama wa ndizi zisizonunuliwa.” Nikakaa chini, nikalia kama mjinga.

Hakuwa amesikia lolote. Wodini hakuna redio, na simu yake ilipotelea kwenye tope. Nikamwonesha picha kwenye simu yangu. Aliitazama muda mrefu.

“Huyu ni Obedi,” akasema.

“Ego, ndiye.”

“Ananitoa boriti.”

“Unakumbuka?”

“Nakumbuka mti ulipoteleza. Nilimtukana. Nilimwambia shika vizuri wewe, utanimaliza.” Akacheka mpaka mguu ukamuuma. Kisha nikamsomea maneno ya chini ya picha, na habari yote kama nilivyoiandika humu, na kicheko kikaisha.

Nilitegemea atasikitika kwa ajili ya Obedi. Alisikitika, lakini si hilo lililomwasha. Alisema, “Mkimbizi mmoja mwanamke. Hawakusema jina. Nina kitambulisho, nina wateja, nina jina nililopewa na baba yangu, nao wamenilaza kwenye tope mbele ya dunia nzima bila hata kuuliza huyu ni nani.” Akasema tangu aje nchi hii watu wa kalamu na kamera wamempiga picha mara nyingi akiwa amepanga foleni, akiwa amebeba kuni, akiwa analia. Hakuna aliyewahi kumpiga picha akiuza.

Sikuwahi kulifikiria hilo. Niliona habari ile imetudhulumu sisi tu. Kumbe na yeye wamemwibia, ila wamemwibia kwa sauti ya huruma.

Akataka nirekodi sauti yake hapo hapo niipeleke Kasulu. Nilikwisha kuitoa simu. Halafu nikaikumbuka sauti ya Aneth, nikairudisha mfukoni. Watasema mama wa kijana kamlisha maneno mgonjwa. “Mtangazaji mwenyewe aje,” nikasema. “Aje bila mimi kuwepo.”

“Atakuja?”

“Nitakwenda kumwita.”

Jumatatu, 7 Aprili

Kasulu. Nimefika asubuhi kwa basi, mvua njia nzima. Renatus alitaka kunisindikiza nikakataa, maana mtu na mumewe wakienda pamoja wanaonekana wamekwenda kugombana.

Redio Misozi ni nyumba ndogo ya kupanga upande wa barabara ya Heru Juu, yenye mnara mrefu kuliko nyumba yenyewe. Aneth ni msichana, nilidhani mtu mzima. Ana miwani, na alikuwa na mafua. Nilipotaja jina langu na kijiji changu, uso wake ulifunga kama dirisha.

“Shikamoo, Mama,” akasema, “lakini kama ni ile habari, sisi tumeshafunga mjadala.”

“Marahaba, mwanangu. Sikuja kubishana. Nina maswali matatu, ukiyajibu naondoka.” Nikauliza. Nani aliliona tukio? Mlimuuliza nani? Yule mwanamke anaitwa nani?

 Picha, akasema mwishowe, walitumiwa na mtu aliyekuwa ndani ya gari jingine lililopita bila kusimama. Mtu huyo aliona kwa dirishani tu. Walimpigia afisa mmoja, akasema ni kweli kuna mwanamke kaumia. Jina hawakulipata.

“Anaitwa Esteri Habonimana. Yuko hospitali ya Kibondo, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Sikwambii alisema nini. Nenda kamuulize mwenyewe. Mimi nitabaki nyumbani.”

Alinitazama sana. “Kwa nini hukusema hivi siku ile hewani?”

“Kwa sababu yule kijana wa pichani ni mwanangu, na nilikuwa na hasira.”

Hapo akavuta kiti, akakaa. Alinieleza kitu ambacho nilikaa nacho ndani ya basi mpaka nyumbani. Kabla ya kuja huku alifanya kazi redio nyingine, mkoa mwingine. Walisoma habari ya wizi, wakasema wezi ni wageni fulani, hawakuthibitisha. Kesho yake mabanda ya wale wageni yalichomwa, na mzee mmoja akafia humo. “Niliapa kwamba redio haitamfanyia mtu kitu hicho tena nikiwa mimi nimeshika maiki,” akasema. “Kwa hiyo nikisikia mtu anaanza na ‘hawa wakimbizi’, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe.”

Nilikuja na picha ya mtu mwingine kabisa kichwani, mtoto wa mjini anayetudharau. Huyu alikuwa analinda watu. Tatizo ni kwamba alikuwa amegeukia upande mmoja tu kwa muda mrefu, shingo imegoma.

Nikamwambia hilo kwa upole. Nikamwambia daraja letu lilipokatika mwaka juzi tuliwapigia simu, hawakuja. Kijijini kwetu tunasikika tukikosea tu. Akajibu kwamba hana gari. Shirika likiwa na safari ya kambini, linampa nafasi kwenye gari lake, kwa hiyo habari zinatoka kambini. “Hakuna anayenipeleka Kumsagara, Mama.”

“Ukitaka kuja, nina mtu mwenye bodaboda. Siku hizi ana nafasi.”

Alicheka katikati ya kupiga chafya.

Alhamisi, 10 Aprili

Kipindi cha wasikilizaji. Nimepiga tena. Aneth alinipokea kwa adabu. Kabla ya neno jingine lolote nilisema lile ambalo Bi Rabia aliniambia, na lililonigharimu usingizi: “Siku ile baada yangu alipiga mtu akasema mimi ni shemeji yake. Ni kweli, ni shemeji yangu, lakini hakusema kwa niaba yangu. Mimi sidai mtu yeyote arudi kwao. Nadai ukweli wa siku moja, mahali pamoja.” Nikauliza maswali yangu matatu, nikaaga.

Hakunikata.

Jioni Ildefonsi alipita mbele ya nyumba bila kusalimia. Renatus alimwita mara mbili. Aliporudi ndani akaniambia, “Umemvua nguo kaka yangu mbele ya wilaya mbili.” Nikamwuliza kama nimesema uongo. Akakaa. Baadaye sana akasema, “Hapana.” Kisha akaenda kunichemshia maji ya kuoga, jambo ambalo hulifanya nikiumwa tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Kimya. Mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Kimya. Maharage yametoa maua.

Alhamisi, 17 Aprili

Aneth alikwenda hospitalini jana, peke yake. Alizungumza na Esteri, na muuguzi, na wanawake wawili wa kambini waliokuwa kwenye banda. Leo hakuiweka kwenye kipindi cha wasikilizaji cha asubuhi. Ilikuwa habari ya kwanza, taarifa ya saa moja jioni, na aliisoma mwenyewe.

Alisema redio yao ilikosea. Alisema banda liliangushwa na upepo. Alisema kijana wa kwenye picha anaitwa Obedi Renatus na alikuwa anamwokoa mtu. Kisha akasema, “Na mtu huyo si mkimbizi mmoja mwanamke. Ni mfanyabiashara wa sabuni, Esteri Habonimana. Mnamsikia.”

Sauti ya Esteri ikajaa sebuleni kwetu, Kiswahili chake cha kuchechemea: “Mimi nilimtukana yule kijana, sababu mti uliteleza. Sasa naomba msamaha. Yeye ametoa mimi kifo. Na mutu mwengine akitaka kusema habari yangu, aniulize mimi, niko na mudomo.”

Obedi alikuwa amesimama kwenye kizingiti.  Alitoka nje, nikasikia anaiwasha pikipiki, anazunguka kijiji kizima akipiga honi. Watu wakatoka majumbani. Mtu akaanza kigelegele upande wa kanisani, kikaitikiwa upande wa kisima. Niliimba. Mimi, ambaye kwaya ilinikataa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Muuguzi wa zahanati alikuja kukaa benchi letu. Obedi kapigiwa simu na wateja wake wote wa zamani, na mmoja mpya.

Ijumaa, 2 Mei

Mbuzi wawili wa Ildefonsi wamepotea tangu juzi. Jioni hii Redio Misozi, mtangazaji mwingine kabisa, kasema mbuzi wameibwa Kumsagara “na watu wanaodhaniwa kuwa wakimbizi”. Aneth yuko likizo.

Kijiji kimefurahi. Kisimani mwanamke mmoja akaniambia, “Unaona, siku hizi redio yako inasema kweli.” Yangu! Na gulio lilikuwa lifunguliwe mwezi huu, mtendaji alikwisha kusema. Kwa habari ya namna hii halitafunguliwa.

Ningeweza kunyamaza. Safari hii habari imeegemea upande wetu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimempigia Aneth, kwao Moshi. Nikasema, “Mwanangu, nani aliwaona hao wezi? Mlimuuliza nani?”

Aliwauliza ofisini, akanirudia. “Aliyepiga simu ni mwenye mbuzi.”

“Yeye aliwaona?”

“Nitauliza.”

Mpaka jioni kijiji kilikuwa kinajua kwamba nimepiga. Mwezi Machi nilikuwa mbaguzi. Leo nimeitwa Mrundi. Renatus anasema nimepandishwa cheo.

Jumanne, 6 Mei

Kijito cha bondeni kilichokuwa kimefurika kimepungua. Asubuhi mbuzi wa Ildefonsi wamevuka wenyewe na kurudi nyumbani, wamenenepa, kamba zao zimekatika shingoni. Walikuwa ng'ambo siku zote hizo, wanakula mihogo ya watu.

Mchana Ildefonsi alikuja. Ni mara ya kwanza kukanyaga kwetu tangu ile Alhamisi. Nilimkaribisha bada, akala, akanawa.

“Mbuzi wamerudi,” akasema.

“Nimewaona, shemeji.”

“Redio haijasema.”

Nikamsogezea simu yangu. Aliitazama kama kitu kinachouma. Renatus alikuwa anasahihisha madaftari, hakuinua kichwa. Ildefonsi akabonyeza, akasubiri, na alipopata mtu akasema kwa sauti ile ile kubwa anayosemea kila kitu: “Mimi ni Ildefonsi wa Kumsagara. Mbuzi wangu hawakuibwa. Walizuiwa na maji. Tangazeni.” Wakamuuliza kama ana la kuongeza. Akanitazama. “Ongezeni kwamba sikuona mtu. Nilidhani tu.”

Wametangaza jioni hii hii.

Jumatano, 14 Mei

Tangazo jipya ofisi ya mtendaji. Gulio, Jumatano ijayo. Wanaume wa kijiji wanasimamisha banda la kati upya. Ildefonsi ndiye anayewapigia kelele nguzo zikae sawa.

Jumatano, 21 Mei

Hakuna mvua. Anga safi mpaka milima ya Burundi.

Watu walianza kuja kabla jua halijapanda, kutoka kambini kwa njia ya juu, kutoka vijijini kwa njia ya chini, wakikutana kwenye daraja na kusalimiana kwa lugha zao mbili ambazo ni kama moja. Maharage mapya, mihogo mikavu, dagaa, mawese, vitenge. Bi Rabia alifunga duka lake akaja na mumewe Mudathiri na mizigo juu ya gari. Esteri alikuja na magongo. Alikataa kiti cha kivulini tulichomwandalia, akataka pale pale pake, jirani yangu, na kabla ya saa tatu alikuwa amenishinda mauzo.

Obedi ndiye aliyemleta Aneth. Walikuja na mtambo wa kurushia matangazo umefungwa nyuma ya pikipiki kwa mipira, na Aneth alikuwa na vumbi mpaka kwenye miwani. Akatangaza moja kwa moja kutoka gulioni. Alimfuata Esteri kwanza, akamsogezea maiki, akamuuliza kwa sauti laini anajisikiaje leo baada ya yote yaliyompata.

Esteri akaishika maiki kwa mkono wake mwenyewe. “Niko na sabuni ya kipande na ya maji,” akasema, “na leo ni rahisi. Yule ana ndizi na maharage, anaitwa Josepha, lakini bei yake muongee naye sana.”

Kwenye kila banda kulikuwa na redio, na zote zilikuwa zimewekwa Misozi. Sauti ya Esteri ikatoka humo ikiwa imechelewa kidogo, kisha kicheko chetu kikatoka pia, kicheko cha gulio zima, cha wa huku na wa kule, na tulipojisikia tunacheka tukacheka tena, na redio ikacheka baada yetu. Aneth alisimama katikati na maiki yake imeinuliwa juu. Hakuuliza swali jingine. Alituacha tusikike.